Mgongo wa Mzee Mosoti

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo saa nane mchana. Nimelifunika daftari hili kwa gazeti ili lifanane na madaftari mengine ya ofisini.

Nilisoma takwimu Chuo Kikuu cha Kabianga miaka minne. Sasa kazi yangu ni kuandika nani amekuja shambani na nani hakuja, na kama hakuja, kwa nini. Mimi ni karani wa Divisheni ya Tatu, niko kwenye muda wa majaribio mpaka mwisho wa Juni. Mama ameshatangaza kanisani Bomet kwamba Tecla ameajiriwa. Sijamwambia kuhusu majaribio.

Mchumaji wa chai akiugua huja dirishani kwangu, nami humwandikia karatasi ya ugonjwa. Bila karatasi hiyo zahanati ya shamba haimpokei. Nakala hubaki kwangu. Kesho yake alfajiri, wakati wa kuita majina, msimamizi Kiptanui hupanda juu ya kreti na kusoma majina ya wagonjwa pamoja na ugonjwa wa kila mmoja. Wanasema desturi hii ilianzishwa ili genge lijue nani hayupo na mistari yake ichumwe na nani. Kwa hiyo ninachoandika leo husikiwa na watu mia mbili kesho. Kuhara huchekesha kila mtu.

Ninamwogopa Kiptanui. Ana sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Majani mengi. Kidole gumba kinauma kwa kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Mzee Mosoti alikuja dirishani amevaa gambuti mguu mmoja. Ya pili alikuwa ameishika mkononi.

Ni Mkisii wa kule Gucha, ana miaka hamsini na minane, na amechuma chai hapa tangu kabla sijazaliwa. Bado miaka miwili astaafu. Mkewe Gesare alikuwa mchumaji pia. Alifariki Novemba. Hayo yote nimeyatoa kwenye faili yake. Yeye hakuniambia.

"Karani, nipe karatasi."

"Unaumwa wapi, mzee?"

Akafikiri. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna.

"Hakuna mahali."

"Lazima niandike mahali."

"Basi andika hii gambuti. Nimevaa moja nikashindwa na ya pili. Nimekaa kitandani nikiiangalia."

"Mwandikie ugonjwa wa gambuti!" mtu akapaza sauti nyuma, na foleni ikacheka. Mosoti naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mgeni asiyeelewa lugha.

Nikamuuliza kama anakula. Akasema ugali ni kazi. Nikamuuliza kama analala. Akasema analala kidogo, anaamka mapema, anangojea.

"Unangojea nini?"

"Ningejua ningekuambia, mwanangu."

Chuoni tulikuwa na mabango ukutani kuhusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Nilikuwa nikisoma orodha ya dalili zake kila nikipanga foleni ya chakula. Nilizijua zote. Nikaandika kwa penseli kwenye nafasi ya sababu, "Akili, huzuni nyingi", kisha nikamwomba asubiri, nikaenda kwa Zack.

Zack ni karani mkuu. Ndiye anayenifundisha kazi. Ni mtu mpole, hunipa chai yake kabla sijaomba. Aliisoma karatasi akaiweka chini taratibu.

"Tecla, unamjua Janefer?"

"Hapana."

"Huwezi kumjua. Mwaka jana aliandikwa 'akili'. Kiptanui akasoma. Kufika jioni watoto wa nyumba za laini walikuwa wanamwita Netiweki, eti yake hukatika. Mwezi haukuisha, ofisi ikasema hafai kazi kwa sababu ya afya, nyumba ikachukuliwa. Ukiandika hivi unamwandikia mzee barua ya kutoka."

"Sasa niandike nini?"

"Mgongo. Mgongo haujawahi kumfukuza mtu hapa. Nani hana mgongo?"

Nikafuta. Nikaandika mgongo kwa kalamu. Nilipompa Mosoti aliisoma polepole, akaniangalia, akasema, "Asante, karani. Umenifikiria."

Nimefurahi siku nzima.

Jumanne, 11 Machi

"Mosoti, mgongo!" Kiptanui akasoma.

"Wa kikapu ama wa kulala peke yake?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Kicheko kikubwa. Lakini kicheko cha mgongo hakidumu. Nilitazama saa. Kilidumu chini ya nusu dakika.

Ijumaa, 14 Machi

Zahanati ilimpa Mosoti vidonge vya maumivu na dawa ya kuchua. Leo ameileta ile ya kuchua, akaiweka dirishani kwangu. "Wewe ndiwe unakaa kwa kiti siku mzima. Paka wewe."

Jumatatu, 17 Machi

Karatasi ya pili. Mgongo.

Jumatatu, 24 Machi

Karatasi ya tatu. Daktari wa zahanati amependekeza kazi nyepesi, na ofisi imemtoa Mosoti kwenye genge na kumpeleka kulinda miche kitaluni, kule chini kwenye miti ya blugamu. Anakaa huko peke yake kutoka asubuhi mpaka jioni. Niliona ni jambo jema. Hatabeba kikapu.

Mchana Kiptanui aliingia ofisini na matope yake yote.

"Karani, nani ametoa mzee kwa genge yangu?"

"Zahanati. Kwa sababu ya mgongo."

"Mgongo gani? Tangu bibi yake azikwe mimi hugonga mlango wake kila asubuhi. Namtukana mpaka anavaa nguo. Namwambia, Mosoti, wewe ni mwanaume ama ni blanketi? Ananitukana pia, tunakuja kazini. Sasa huko kitaluni nani atamtukana?"

Niliona ni mtu katili anayelalamika kunyimwa mtu wa kumwonea. Zack alisema hivyo hivyo Kiptanui alipoondoka.

Alhamisi, 3 Aprili

Kwenye mlango wa zahanati kuna tangazo: kliniki ya afya ya akili ni kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, hospitali kubwa. Mgonjwa aje na barua ya zahanati. Barua ya zahanati hufuata kilichoandikwa kwenye karatasi ya ugonjwa. Nimelisoma tangazo mara tatu. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya mawe.

Ilianza saa tisa. Kwanza upepo ukatulia kabisa, kisha bati la ofisi likawa kama linapigwa kokoto. Wachumaji walikimbia na vikapu vichwani. Ilinyesha robo saa. Ilipoisha chai yote ya upande wa bondeni ilikuwa imechanika, vijiti vitupu, na ardhi nyeupe kama chumvi.

Kiptanui akahesabu watu. Akasema, "Mosoti?" Akakimbia mwenyewe kwenda kitaluni, na mimi nikafuata kwa sababu daftari la kitalu ni langu.

Kuna kibanda pale. Kina bati zima na benchi. Mosoti alikuwa amekaa nje yake, hatua nne, juu ya ndoo iliyopinduliwa, bila kofia. Mawe yalikuwa yamejaa kwenye mapaja yake. Kichwa kilikuwa kimepasuka sehemu mbili na damu ilikuwa imechanganyika na maji ikashuka mpaka kwenye kola.

"Wewe mzee! Kibanda hukuona?" Kiptanui akapiga kelele.

"Niliona."

"Sasa?"

"Ilikuwa mbali."

Kiptanui akavua koti lake akamfunika kichwa, akamwinua kama mtu anayeinua gunia lenye mayai.

Zahanati ilimshona. Daktari alisema mzee ameanza kuzeeka vibaya, dawa ya mzee mwenye huzuni ni wajukuu. Nilikuwa nimesimama karibu. Nikajikaza nikauliza, kwa sauti ndogo, "Haiwezi kuwa ni ugonjwa? Huo wa huzuni?"

Akaitoa faili. "Hapa naona mgongo, mgongo, mgongo. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Basi tusifundishane kazi."

Nikasema samahani. Nilisema samahani mara mbili, ya pili nikiwa mlangoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Karatasi imeandikwa: mgongo, na jeraha la kichwa.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Niko nyumbani Bomet. Mama amechinja kuku. Ameniuliza kama watu wa kazini ni wazuri. Nikasema ni wazuri.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeamua. Kesho ni Alhamisi ya kwanza. Nitamwandikia Mosoti karatasi mpya yenye ugonjwa wake wa kweli na kumsindikiza mwenyewe mpaka hospitali.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Kliniki imefungwa mpaka Juni.

Nafikiri jana nilijua. Nafikiri ndiyo sababu niliamua.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Karatasi. Mgongo.

Alhamisi, 15 Mei

Leo ilikuwa siku ya afya ya wazee. Muuguzi mmoja wa ile kliniki ya akili, Esnah, amekuja na gari la hospitali kuwapima wafanyakazi wote waliozidi miaka hamsini na tano. Mimi niliwekwa kuandika majina mezani pake, kwa hiyo nilisikia yote.

Wengine walileta magoti na macho. Mosoti alipofika hakuleta kitu. Esnah akaweka kalamu chini, akamwita baba kwa Kikisii.

"Tata, hizi wiki mbili zilizopita, kuna kitu kimekufurahisha?"

"Furaha ni ya vijana."

"Mimi sijauliza ya nani. Nimeuliza wewe."

Mosoti akatafuta. Ilionekana kabisa kwamba anatafuta, kama mtu anayepapasa mifuko yote ya koti. "Hapana," akasema, akashangaa kidogo.

Esnah akamuuliza mengine. Akamuuliza lile swali la kama huwa anawaza ingekuwa bora asiwepo. Lilinifanya nipoteze mstari niliokuwa nikiandika. Mosoti akajibu kwamba hawezi kufanya kitu, yeye ni mtu wa Sabato, lakini mawe yale ya Aprili yangekuwa makubwa zaidi kidogo asingelalamika.

Esnah hakushtuka wala hakumhubiria. Akamwambia kwa Kikisii maneno ambayo sikuyaelewa, kisha kwa Kiswahili, "Hii sio uzee. Ni ugonjwa, na uko na dawa. Wazee wengi huletwa kwangu wamechelewa kwa sababu kila mtu alisema ni uzee. Ukuje Alhamisi ya kwanza, tarehe tano. Nitakungojea."

Mosoti akauliza, "Na mtu hupona?" Lilikuwa swali la kwanza nililomsikia akiuliza tangu Machi.

"Wengi. Si siku moja."

Kisha Esnah akafungua faili. Uso ukabadilika.

"Karani, hapa yote ni mgongo. Zahanati yenu haitampa barua ya kuja kwangu na faili hii. Aliyeandika anaweza kurekebisha? Aandike tu kwamba dalili zilianza Machi."

"Nitamwuliza," nikasema.

Mosoti alikuwa bado amekaa pale. Alisikia.

Jumanne, 20 Mei

Barua imetoka makao makuu. Divisheni ya Tatu ina wagonjwa wa mgongo thelathini na mmoja, wengi kuliko divisheni nyingine zote zikijumlishwa. Wote watapigwa picha ya eksirei. Atakayekutwa mzima ataitwa kujieleza kwa udanganyifu, na karani aliyehusika pia.

Zack amepata kikohozi. Hajanipa chai.

Nimehesabu. Kati ya thelathini na mmoja, ninaodhani hawana mgongo ni wanne. Watatu ni wavivu. Mmoja ni Mosoti.

Jumatatu, 26 Mei

Lori limewapeleka wote kupigwa picha. Kiptanui aliwapanga. "Migongo, mbele tembea!" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeandika barua. Mistari sita. Inasema kwamba Mosoti hakuwahi kusema anaumwa mgongo, kwamba mimi ndiye niliyeandika hivyo tangu tarehe 10 Machi, kwamba nilijua ni ugonjwa wa akili, na kwamba naomba faili irekebishwe ili atibiwe tarehe 5. Nimetia sahihi. Nimeikunja nikaiweka ndani ya jalada la kitambulisho ninachovaa shingoni.

Mwandiko ni mzuri. Nimeitazama mara nyingi.

Jumatatu, 2 Juni

Mapumziko ya Madaraka, lakini ofisi yetu iko wazi. Picha zimerudi. Mgongo wa Mosoti hauna kasoro. Ameitwa kesho saa nne, na mimi nimeitwa naye.

Mchana nilikwenda nyumbani kwake kwenye laini. Ni chumba kimoja. Gambuti zake zilikuwa zimepangwa vizuri mlangoni, zote mbili zimeoshwa. Alikuwa amejinyoa. Kadi ya tarehe aliyopewa na Esnah ilikuwa imechomekwa kwenye fremu ya picha ya Gesare.

"Kesho nitavaa hili shati," akasema, "na Alhamisi nalivaa tena. Halijachafuka."

Nikamwambia kuhusu picha. Nikamweleza kwamba wakiona mgongo ni mzima watasema alidanganya.

"Lakini wewe unajua."

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe utasema." Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na ukisema, wewe utaenda wapi?"

Nilikuwa nimetoka ofisini nikipanda mlima wote ule na swali hilo hilo, na nilipolisikia kutoka kwake nilihisi nafuu. Naandika hapa kwa sababu ni kweli. Nilihisi nafuu, kama mtu aliyebebewa mzigo.

Jumanne, 3 Juni

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikuwa watu sita. Meneja, mwanamke mmoja kutoka makao makuu mwenye kompyuta, Zack, Kiptanui, Mosoti na mimi. Mvua ilikuwa ndogo. Yule mwanamke akaweka picha mezani, akaweka karatasi zangu kando yake, kumi na nne, zimebanwa pamoja.

"Mzee, mgongo wako ni mzima. Umepumzishwa siku ishirini na moja kwa mgongo. Unasema nini?"

Mosoti aliniangalia.

Kiptanui ndiye aliyesema. Hakuna aliyemuuliza.

"Madam, huyu mzee hana mgongo. Kila mtu hapa anajua hana mgongo. Alifiwa na bibi na tangu hapo ameugua kwa roho. Mimi nimemtoa kwa mvua ya mawe na mikono yangu. Yule sista wa hospitali amempa tarehe ya kutibiwa, ni kesho kutwa. Mngojee hiyo tarehe."

"Wewe ni daktari?" meneja akauliza.

"Mimi ni nyapara."

"Basi kaa kama nyapara."

"Nakaa. Lakini muulize huyo msichana wa karatasi. Yeye ndiye aliandika."

Wote wakageuka. Yule mwanamke hakuwa mkali. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka.

"Tecla, kuna hali mbili zinazowezekana. Ama mzee alikuambia mgongo, ukaandika mgongo. Hapo ni yeye aliyedanganya. Ama hakukuambia mgongo, ukaandika mgongo. Hapo ni wewe. Ni ipi?"

Nilimtazama Zack. Zack alikuwa akisoma kalenda ukutani.

Barua ilikuwa kifuani, ndani ya jalada la kitambulisho. Nilikuwa naihisi kila nikivuta pumzi. Mistari sita. Ningeweza hata kutosema. Ningeitoa tu.

Nikasema, "Niliandika alichoniambia."

Kiptanui akatoa sauti, kama mtu aliyekanyagwa.

"Mzee?" mwanamke akauliza.

Mosoti alikuwa ametulia. Shati lilikuwa limepigwa pasi, na mstari wa kushonwa ulionekana kichwani, nywele hazijaota. Nilidhani angenikana. Nilimwomba Mungu mzee anikane, ili nisilazimike kusema mwenyewe.

"Karani anasema kweli," akasema. "Nilimwambia mgongo."

Akaachishwa kazi kwa udanganyifu wa ugonjwa. Nyumba airudishe kesho. Kadi ya matibabu akaitoa mwenyewe mfukoni kabla hawajamwomba, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Meneja akamwambia kwamba ana bahati hawakuita polisi. Mosoti akasema asante.

Mlangoni aliniambia polepole, "Usilie hapa, wataona."

Jumatano, 4 Juni

Lori la majani lilimshusha barabara kuu. Alikuwa na godoro, sufuria na ile picha. Kiptanui alipanda naye. Mimi niliandika: mchumaji mmoja, ameondoka.

Alhamisi, 5 Juni

Alhamisi ya kwanza. Nimekaa ofisini.

Ijumaa, 6 Juni

Zack amenipa chai. "Ulifanya vizuri," akasema. "Wewe utafika mbali."

Jumatatu, 9 Juni

Alfajiri, Kiptanui alisoma majina ya wagonjwa bila magonjwa. Meneja akamwuliza sababu ziko wapi. Kiptanui akashuka kwenye kreti, akaja kwangu mbele ya watu wote, akanipa karatasi.

"Sababu asome mwenye kuandika."

Nikapanda. Nikasoma. Sauti yangu ni ndogo, watu wa nyuma walipiga kelele, "Hatusikii!" Nikarudia. Kuhara. Jino. Hedhi. Huyo wa hedhi ni msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa amerudi kazini, amesimama mstari wa pili. Alinitazama mpaka mwisho.

Jumatano, 18 Juni

Baridi. Nimesoma tena leo.

Jumatatu, 30 Juni

Nimethibitishwa kazini. Nimempigia Mama. Amepiga vigelegele kwenye simu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda kliniki. Mwezi mmoja baadaye, najua. Nilijiandikia mwenyewe karatasi ya ugonjwa. Sababu: jino.

Watu walikuwa wengi kwenye benchi. Wengi walikuwa wazee, wameletwa na binti au mkwe, wamevaa nguo za kanisani. Nilikaa kati yao karibu muda wa saa tatu. Esnah hakunikumbuka mpaka nilipotaja Mosoti.

"Nilimngojea," akasema. "Ako wapi?"

Nikatoa barua. Nikampa. Akaisoma. Ni mistari sita, lakini alikaa nayo.

"Umeandika Mei ishirini na tisa."

"Ndiyo, sista."

"Leo ni Julai tatu."

"Ndiyo."

Akavuta droo ya meza. Sikumwomba. Ilikuwa imejaa vidonge ndani ya pakiti zao. "Dawa zake zimekuwa hapa," akasema, akaifunga.

Nikamwambia namba ya Kebaso, mwana wa Mosoti, ilikuwa kwenye faili na nimekuja nayo, lakini sikutaka kupiga kwa simu yangu. Niliogopa namba yangu ionekane. Akanitazama. Akapiga kwa yake. Akajitambulisha kwa Kebaso, akamweleza kwamba baba yake ana ugonjwa wa huzuni, unatibika, amlete hata kesho. Nilisikia sauti ya mwanaume ikipanda. Esnah akasikiliza, kisha akanipa simu.

"Mwambie wewe. Hanisikii mimi."

"Kaka Kebaso, ni Tecla. Nilikuwa karani wa..."

"Tecla? Wewe ndiwe umeandika hizi karatasi? Niko nazo hapa, ofisi ilimpa. Nakala kumi na nne. Zote mgongo."

"Si mgongo. Baba yako hakuwahi kuumwa mgongo. Mimi ndiye niliandika hivyo, nilikuwa nataka..."

"Na kwa ofisi, ulisema nini?"

"Nilisema... nilisema ni yeye alisema."

"Sasa nisaidie. Ulidanganya ile siku ama unadanganya leo?"

"Ile siku."

"Aaa. Na kesho utasema nini?" Akacheka, si kwa furaha. "Sikiza dada. Baba si mwenda wazimu. Mmemfukuza kama mwizi, sasa mnataka kumwita mwenda wazimu pia, ndio asiwashtaki? Baba ni mgongo. Mwenyewe anasema ni mgongo. Tumempata mzee wa kukanda, anamkanda asubuhi na jioni, mgongo mzima. Kwanza alikuwa ananyamaza tu. Sasa analia. Analia mpaka majirani wanasikia. Mkandaji amesema ni vizuri, ni uchungu unatoka."

"Naomba niongee naye."

Kulikuwa na nyayo, mlango, kuku. Nikasikia mtu akipumua kwa mdomo, kama aliyelala kifudifudi.

"Karani."

"Mzee, waambie. Tafadhali. Waambie ukweli, watakuleta hapa, sista yupo, dawa zipo. Waambie hauna mgongo."

Nyuma yake mtu alikuwa akisema, "Legeza mabega, mzee, legeza."

"Ulibaki kazini?" akauliza.

"Ndiyo."

"Sawa." Akapumua. "Mgongo unaendelea vizuri, mwanangu. Usinipigie tena, kazini watajua."

Simu ikakatika. Nikabaki nimeishikilia sikioni. Esnah akaninyooshea mkono, nikamrudishia simu yake, naye akaegemea kando ili aone benchi nyuma yangu na kuita jina lililofuata.